Hakimu wa Maharage

Vijana wangu, kila mkija hapa kwangu mnaniuliza swali lilelile, tena wengine mmebeba na sufuria mkononi kana kwamba mimi ni zahanati. Mzee Rafaeli, haya maharage yako motoni tangu asubuhi, mbona hayaivi? Nami nawauliza: umeyatoa wapi, yalikaa wapi, na umeyapikia maji gani? Hapo mnaanza kutazamana. Basi leo kaeni chini niwaeleze yote kwa mara moja, maana nimechoka kurudia, na mimi nikichoka ulimi wangu huwa mkali, mnanijua.

Kazi yangu ilikuwa kupika maharage yasiyoliwa na mtu. Usicheke, wewe uliyekaa mlangoni. Tajiri mmoja wa hapa Kasulu alikuwa na ghala la mazao. Alinunua maharage Kibondo, alinunua Nyakitonto na vijiji vyote hivi vya juu, akayapeleka mikoani, kwenye mashule na kwa wenye magenge. Wakati fulani aliuza mzigo mzima ukagoma kuiva huko ulikokwenda, akarudishiwa kwa matusi. Akaapa hatanunua tena gunia ambalo hajalipika. Ndipo akaniajiri.

Gari likishusha magunia, nachukua bambo, kile chuma kilichochongoka chenye mfereji katikati, nachoma gunia ubavuni, maharage yanateremka yenyewe kiganjani. Nachoma juu, nachoma katikati, nachoma chini kabisa, kwa sababu muuzaji mjanja huweka mazuri juu. Kila mzigo una sufuria yake ndogo. Nazipanga kwenye majiko ya mkaa nyuma ya ghala, na wenye mali wanakaa kwenye benchi wananitazama usoni. Yakiiva, mzigo unaingia ndani. Yakikataa, mtu anapakia anaondoka nayo. Wakaniita Hakimu, na jina likanishika mpaka kanisani.

Siku hizi nasikia mna kimashine cha kupima unyevu, na wengine mnapikia presha kuka. Vizuri. Lakini presha kuka hata kokoto italainisha, halafu utamwuzia mama mwenye mafiga matatu na kuni za kuokota. Huyo ndiye anayekula maharage yako. Pika kama yeye.

Sasa, msidhani nilizaliwa nikiyajua haya. Nilikuwa na sufuria na mdomo, basi. Aliyenifundisha ni mke wangu, Godeliva.

Tulikuwa na kituo cha kununulia karibu na kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kabla haijafungwa. Siku hiyo jamaa mmoja alileta maharage mekundu yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikayasifu mbele za watu kabla hata sijawasha jiko. Palikuwa na mwanamke amekaa chini na ungo wake, mmoja wa wachambuaji wetu, Mrundi wa hapo kambini. Akachota konzi, akaitumbukiza kwenye bakuli la maji, akanisukumia bakuli bila neno. Mafuta yakaelea juu. Yule jamaa alikuwa ameyapaka mafuta ya kula, kwa sababu harage likizeeka hufifia na kuwa la kahawia, nayo mafuta hulirudishia ujana wa uongo. Nikamwuliza yule mwanamke amejuaje.

"Maharage hayanuki maandazi," akasema, akaendelea kuchambua.

Huyo ndiye niliyemwoa. Watu wakasema Hakimu naye amehukumiwa, kifungo cha maisha. Nikawajibu sikati rufaa. Akahamia kwangu hapa Kasulu, akaja kukaa na ungo wake nyuma ya ghala, karibu na majiko yangu. Mungu hakutupa mtoto. Tulikuwa wawili tu, na kelele tulizopiga zilitosha watu kumi.

Nieleze hili vizuri, maana ndilo swali lenu. Godeliva alisema maharage magumu yako ya aina mbili, na mtu asiyezitofautisha atamaliza kuni bure. Kuna ugumu wa ganda na kuna ugumu wa moyo. Ukiloweka maharage usiku, asubuhi utakuta mengine yamevimba na mengine yamebaki vilevile, madogo, kama yalivyotoka guniani. Hayo madogo ganda limejifunga, limekataa maji. Mara nyingi yalianikwa kwenye jua kali yakakauka kupita kiasi. Hayo usiyatukane. Yape maji ya uvuguvugu, yape na siku ya pili, mengi yatafunguka.

Lakini kuna harage limekunywa maji likavimba vizuri, limechemka, ganda limepasuka, ukilibonyeza kwa vidole linakatika vipande viwili, ndani gumu kama chaki. Hilo ni la moyo. Hilo limekaa sana mahali penye joto na unyevu. Gunia limelazwa sakafuni bila chaga, juu bati linawaka mchana kutwa, mvua ikinyesha ghala linatoa jasho, na mwaka unapita, na mwingine. Hilo halina dawa. Magadi yatalegeza kidogo nje, utapata ladha ya sabuni na tumbo litakusimulia. Usinunue, basi. Dawa yake ilikuwa mwaka jana.

Na kosa letu sisi watu wa huku, nalitaja kwa sababu mnalifanya bado, ni ile tabia ya kumalizia ya zamani juu ya mapya. Mama amevuna, gunia halijajaa vizuri, anakwenda darini anateremsha yaliyobaki ya msimu ule, anachanganya ili gunia lisimame. Mkipika, nusu yamekuwa uji, nusu kokoto. Mnasema sufuria imerogwa.

Chumvi mnaisingizia. Kila nyumba nasikia, usitie chumvi mapema yatakuwa magumu. Godeliva alikuwa anatia chumvi kwenye maji ya kulowekea, halafu anayamwaga, na maharage yake yalikuwa yanaiva kabla ya yako. Mkosaji ni nyanya. Nyanya na ndimu na chochote kichachu, ukitia kabla harage halijalainika linasimama hapo hapo ulipolikuta. Subiri liive, ndipo uunge. Na maji yakipungua ongeza ya moto, usilishtue na ya baridi.

Halafu kuna maji. Hapa ndipo nilipotaka kugombana na dunia. Tulipeleka mzigo kwenye shule moja ya mbali, maharage niliyapika mwenyewe, yaliiva mpaka nikayaonea huruma. Wiki haijaisha, dereva anarudi na habari kwamba hayaivi. Nilifoka. Nilisema wapishi wao ni wavivu, kuni zao mbichi, sufuria zao zimetoboka. Godeliva akaniacha mpaka pumzi ikaniishia.

"Uliyapika kwa maji ya nani?" akauliza.

"Ya kwetu. Ya nani tena?"

"Na wao wanapikia ya kwenu?"

Nikamwuliza dereva habari za maji yao. Sisi hapa tunakinga maji ya chemchemi inayoteremka mlimani, maji mepesi, sabuni inatoa povu ukiitazama tu. Kumbe kule walikuwa na kisima kirefu, maji magumu yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Maji hayo hulifunga harage. Tangu siku hiyo Godeliva akaweka utaratibu, na tajiri akaukubali: maharage yaonjwe kwa maji ya kule yanakokwenda. Madereva wakawa wananirudia na madumu. Walinicheka sana. Wanasema wenzako wanaagiza samaki, migebuka ya ziwani, wewe unaagiza maji. Lakini hatukurudishiwa tena mzigo, na wale wenye maji magumu tukawaambia wakinge ya mvua.

Mnaona ninavyomtaja kila sentensi ya pili. Ndivyo ilivyo. Nikitaka kuwaeleza maharage lazima nipite kwake, hakuna njia nyingine.

Mwaka 2012 ikasemwa Mtabila inafungwa, Warundi warudishwe kwao, na safari hii hayakuwa maneno ya redioni tu. Mama yake Godeliva, Bibi Perajia, alikuwa bado kule kambini. Mjane, meno yamekwisha, watoto wake wengine wote vita vilikuwa vimewala. Godeliva mwenyewe alikuwa mke wangu, ana kwake, hakuna aliyemwambia aondoke. Lakini jioni moja tukiwa tumekaa jikoni akaniambia:

"Rafaeli, siwezi kumpandisha mama kwenye gari kama gunia."

Nikasogeza kuni motoni.

"Nitamfikisha. Nitamlimia. Nikimvunia maharage ya kwanza narudi. Unajua mwenyewe maharage yanachukua muda gani."

Miezi mitatu. Kila mtu wa huku anajua. Nikamwambia nenda, na sijapata kujuta kumwambia hivyo. Mtu anayeweza kumwacha mama yake barabarani, siku moja atakuacha na wewe.

Siku ya kuondoka nilikwenda Mtabila kumsaidia kufunga mizigo. Watu walikuwa wanabomoa nyumba walizozaliwa ndani yake, wengine wanalia, wengine wamekaa tu juu ya magodoro. Godeliva alimpandisha mama yake, akarudi chini kwangu. Hakulia. Alinitengeneza kola ya shati, akaniambia nisinywe chai tupu asubuhi. Halafu akapanda, na gari likaenda.

Mwanzoni tulikuwa tunapigiana simu. Ananipa habari za mvua, za miguu ya mama, za watu waliowakuta kwenye shamba lao la zamani, maana shamba lilikuwa na wenyewe wapya na kesi ikaanza. Siku moja akapiga anacheka mpaka hasikiki.

"Hakimu," akasema, "maji ya huku magumu. Maharage yanachukua siku nzima. Nifanye nini?"

"Kinga ya mvua."

"Nani alikufundisha?"

"Mwanamke mmoja hivi. Ameniacha."

"Hajakuacha. Anakinga mvua."

Nilicheka peke yangu barabarani, watu wananitazama. Msimu wa kwanza ukapita, kesi ya shamba haijaisha, akasema hawezi kumwacha mama kwa majirani. Msimu wa pili hivyo hivyo. Halafu simu yake ikawa haipatikani. Unapiga, yule binti wa mtandao anakuambia jaribu tena baadaye, na wewe kwa upumbavu unamwitikia.

Vijana, nilimtamani mke wangu. Nasema hivyo bila haya, nimeshazeeka, nani atanifanya nini. Mchana kutwa napika sufuria za watu wa benchi zima, jioni nyumbani kwangu nakula muhogo wa kuchoma wa kununua, kwa sababu kupika maharage ya mtu mmoja sikuweza. Mkono wangu ulizoea kupima ya wawili. Alikuwa na tabia akichambua, akikuta kajiwe anakarusha kwenye bati la ghala bila kutazama, ting. Nilikuwa nafokea kelele hiyo miaka yote. Sasa nakaa nyuma ya ghala, wachambuaji wengine wanaweka mawe yao kistaarabu kwenye kopo, na mimi nataka kuwapiga. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyetunga methali hiyo hakuwa na mke.

Nikawa wa kwanza kujitolea kila safari ya Kibondo. Tajiri alidhani nimependa kazi. Nilikuwa natafuta soko la Mabamba, pale mpakani, ambako watu wa upande wa pili wanavuka na maharage yao. Nachoma gunia kwa bambo, natazama maharage, halafu namwuliza mwenye gunia. Lakini huwezi kumwuliza Muha wala Mrundi jambo kabla salamu haijaisha, na salamu zetu mnazijua. Mnapigiana makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, watoto, ng'ombe, mvua, waliolala, walioamka. Mimi moyo unanikimbia, mikono inapiga makofi. Ndipo nauliza: mwanamke mmoja, Godeliva, yuko na mama yake mzee, walirudi kutoka Mtabila. Wengi hawamjui. Mmoja aliniambia anawajua, wazima wote wawili, wanalima. Nikamnunulia soda. Nikakaa na maneno hayo msimu mzima.

Mara moja nilivuka mwenyewe. Nikafika kwenye kilima alichokuwa ananitajia kwenye simu. Watu wakaniambia wale wa kesi walishindwa, wakahamishiwa kijiji kipya, lakini kijiji kipi hakuna aliyekuwa na hakika. Mmoja ananionyesha mashariki, mwingine kusini. Nilizunguka mpaka ruhusa yangu ikaisha, nikarudi.

Wanawake wa ghalani wakaanza. Hakimu, oa. Hakimu, nyumba inakushinda. Mmoja, Mama Tausi, aliyekuwa mkubwa wa wachambuaji na mwenye ulimi kama wangu, akasema mbele ya wote, "Huyu anangoja harage la ugumu wa moyo liive."

"Nina mke," nikamwambia. "Amekwenda kuvuna."

Hakurudia tena. Siku iliyofuata aliniletea ugali na dagaa kwenye kibakuli, akaweka karibu na jiko, akaenda zake.

Ukaja mwaka 2015, na watu wakaanza kuvuka tena kutoka Burundi, safari hii wakikimbia. Wengine kwa ziwa, wengine kwa miguu kupita Kibondo, na wengi wakapelekwa Nyarugusu, ambako Wakongo walikuwa wameshakaa miaka mingi. Mtanisamehe, nilifurahi. Watu wanalia, wamepoteza kila kitu, na mimi nafsi yangu inaniambia barabara imefunguka. Sijui Mungu aliiandika wapi furaha hiyo.

Tulikuwa tunawauzia wenye magenge wa pale karibu na kambi. Mmoja wao alikuwa Mkongo, Mama Furaha, mnunuzi mgumu, anayetafuna harage bichi kabla ya kukulipa. Nilipeleka mzigo, na kwenye mfuko wangu nilikuwa na konzi kadhaa za maharage mapya ya Kibondo, yametoka kuvunwa, nilizochukua kwa bambo asubuhi hiyo. Hata sijashuka vizuri kwenye gari, Mama Furaha akanishika mkono.

"Papa, iko mama moja mukongwe, Mrundi, alifika hapa kambini," akasema. "Kila siku anauliza mutu wa maharagi wa Kasulu. Anasema banamwita Hakimu. Si ni wewe?"

Nikamwuliza anaitwa nani.

"Perajia."

Sikuuliza yuko na nani. Bibi Perajia hawezi kutembea peke yake hata kwenda kisimani, mtu aliyemfikisha hapo ni mmoja tu. Nikamwachia Mama Furaha gari na mzigo na dereva, nikaenda.

Nyumba zilikuwa safu ndefu za maturubai, Wakongo wanaziita bashi, zote zinafanana, vumbi mpaka magotini. Nikauliza, nikaelekezwa, nikauliza tena. Nikamkuta amekaa mlangoni. Alikuwa amepungua, amekuwa kitu kidogo. Akanitambua kwa mbali, akavuta kanga usoni kama alivyofanya siku zote, akageuka pembeni.

Hapo lazima niwaeleze ninyi wa siku hizi mnaopiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana. Kwetu mabukwe, yaani mama mkwe, na mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawatazamani usoni. Hawaitani kwa jina. Na zaidi ya yote, hawali pamoja, wala mmoja hali mahali mwenzake anamwona. Miaka yote Bibi Perajia hakutafuna kitu mbele yangu hata punje. Akija kwetu alikuwa anakula chakula chake chumbani, na mimi napita nyuma ya nyumba nikikohoa ili ajue niko wapi.

Kwa hiyo nilisimama mbali, nikapiga makofi, nikasalimu. Akaitikia zote, moja moja. Zilipoisha nikauliza, "Godeliva yuko wapi?"

"Kwanza upike," akasema, amenipa mgongo. "Nina njaa, mkwe. Alisema wewe unajua kupika."

Nikatazama ndani, kuna mkeka mmoja, dumu, sufuria. Nikajiambia amekwenda foleni ya maji, au kuni. Foleni za pale mtu anashinda. Mama alikuwa na maharage ya mgao kwenye kimfuko, nikavunja harage moja kwa meno, lilikuwa la siku nyingi, lile la ugumu wa moyo. Nikayaweka kando, nikatoa yangu ya Kibondo. Nikapima ya watu watatu.

Nikapika kama sijapata kupika. Niliosha, nikainjika kwenye mafiga, nikakaa chini nikichochea kuni mojamoja ili moto usiruke. Maharage mapya hayana shida, yanataka moto wa polepole na mtu asiye na haraka. Kila mwanamke aliyepita na ndoo kichwani nilinyanyua uso. Mmoja alikuwa na mwendo wake kabisa, nikasimama, kumbe msichana wa watu. Nikapanga maneno nitakayomwambia. Nilikuwa nimpokee ndoo kwanza, nisiseme kitu, nimwache aonje, halafu nimwulize nani alikufundisha. Mama alikuwa amekaa nyuma ya turubai, namsikia akipumua.

Yakaiva. Nikatia chumvi, sikuwa na nyanya wala kitunguu. Nikapakua sahani ya mama, nikaiweka mlangoni, nikageuka niende nyuma ya nyumba ili ale kwa heshima yake. Sahani ya Godeliva niliifunika.

"Rafaeli."

Nikasimama. Sikuwa nimewahi kusikia jina langu kwenye mdomo wake. Nilipogeuka alikuwa ametoka. Kanga imeshuka mabegani, ananitazama usoni, macho yake ni ya Godeliva, sikuwa nimejua. Akajikokota, akaketi kwenye mkeka upande wangu, akavuta sahani katikati yetu. Akaninawisha mikono kwa maji ya dumu. Halafu akachota maharage kwa vidole, mbele yangu, akatia mdomoni, akatafuna kwa fizi, akameza.

Nikajua. Hakuhitaji kusema lolote. Kinachowakataza mama na mkwe wasile pamoja ni binti aliyeko kati yao, na mama huyu alikuwa anakula.

Alisema hata hivyo. Alisema ilikuwa homa, msimu wa mvua uliopita, katika kile kijiji kipya ambacho sikukipata. Godeliva alizikwa huko. Simu ilikuwa imeharibika kitambo, na hakukuwa na mtu wa kuvuka kuniambia. Watu walipoanza kukimbia, majirani walimbeba mama mgongoni kwa zamu, na kila walipomwuliza anakwenda kwa nani aliwaambia anakwenda kwa mtu wa maharage wa Kasulu.

"Mimi si mabukwe wako sasa," akaniambia. "Mimi mama yako. Kula."

Nikachota. Nimepika maharage maisha yangu yote, vijana, na nawaambia kama fundi kwamba yale hayakuwa na dosari, yalikuwa laini kuliko yote niliyopata kupika, na tonge la kwanza halikupita kooni. Mama akaweka mkono wake mgongoni mwangu, akanisugua taratibu kama mtoto aliyepaliwa, akangoja mpaka nikameza.